Cheti Kilichokwenda Urambo

Ng'ambo nzima, mtaa wetu pale Tabora, ilimwita Mama Asali, na sikumbuki mtu hata mmoja aliyemwita jina lingine mbele yake. Duka lake na kibanda changu cha fotokopi vilitenganishwa na ukuta mmoja tu, tena mwembamba, kwa hiyo kwa miaka mingi nilikula kelele zake kabla ya kula chai. Wengine wakifungua biashara husema bismillahi au hupiga ishara ya msalaba. Yeye aligombeza. Alianza na kufuli, kwamba limezeeka na halina adabu, akaenda kwenye vumbi la barazani, akamaliza na kuku wa jirani ambao, kwa maneno yake, walikuwa wamelelewa bila wazazi. Hapo ndipo aliponigeukia mimi.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu wa mashine. Saa hizi ndiyo watu wanafungua?"

Mara nyingi nilikuwa nimefungua kabla yake. Hilo halikumhusu.

Alikozaliwa na ukoo wake nawaachia wenyewe. Mimi namjua kuanzia kaunta kwenda juu: mwanamke mfupi, kanga ya pili imefungwa kichwani kwa haraka, mikono inayong'aa kwa asali hata akiwa ametoka kunawa. Aliuza asali ya misituni, ile nyeusi na ile ya rangi ya chai, na kwa wale aliowapenda alikuwa na chupa chache za asali ya nyuki wadogo, zimefichwa chini ya kaunta nyuma ya gunia. Kupendwa kwenyewe hakukuwa na utaratibu. Mwalimu mkuu mmoja aliomba asali hiyo kwa miaka asipate. Muuza miwa wa barabarani alipewa siku ya kwanza kwa sababu, alisema Mama, ana uso wa mtu asiye na haraka.

Wateja wa mjini wana tabia ya kuja na kiberiti. Huchovya njiti kwenye asali, kisha huiwasha, wakiamini kwamba asali safi haizuii moto. Ukifanya hivyo dukani kwake, hakukufukuza. Alikunyang'anya kiberiti, akakitia kwenye droo, akakuuzia asali kwa bei ile ile. Droo ilijaa viberiti vya watu. Nyumbani kwake hawakununua kiberiti miaka yote niliyomfahamu.

Na wapo waliorudisha chupa wakilalamika kwamba asali imeganda, basi lazima imetiwa sukari. Hawa aliwasikiliza hadi mwisho, jambo ambalo kwake lilikuwa dalili mbaya.

"Mwezi wa saba wewe unaamka umekunjamana hivi, nani amekutia sukari?" aliwauliza. "Ni baridi. Weka chupa juani, nenda zako."

Mtu akipita barabarani akikohoa, alimwita ndani, amjue asimjue, akamnywesha kijiko cha asali kwa nguvu kama anayemnywesha mbuzi dawa. Bure. Lakini mteja aliyenunua ndoo nzima akiomba mfuko wa kubebea, alitazamwa kana kwamba ameomba shamba. "Mikono uliyopewa na Mungu umeiacha wapi?" Nilijaribu mara kadhaa kumweleza kwamba mfuko una gharama ndogo kuliko kijiko cha asali. Aliniambia nirudi kwenye mashine yangu.

Kuandika hakukupenda. Kitu alichotaka kukikumbuka alikiimba. Alikuwa sauti ya pili katika kwaya ya kanisa lao la Moravian, na nyimbo zile zile za Jumapili alizitumia katikati ya wiki kwa kazi nyingine: maneno ya wimbo aliyatoa, akaweka majina ya wateja waliochukua chupa bila kulipa, au vitu vya kununua sokoni. Nimewahi kusikia wimbo wa Pasaka wenye vitunguu na mafuta ya taa ndani yake, tena kwa unyenyekevu mkubwa.

Makaratasi yote yalikuwa ya mumewe. Huyo alikuwa mzee mpole, mrefu, mwenye kikohozi kifupi cha kuomba radhi kabla ya kusema. Yeye ndiye aliyekwenda ofisi ya kodi kumsajilia duka. Alisema duka ni la mama, basi na jina liwe la mama, na namba ya mlipakodi ikatoka kwa jina la mkewe. Isipokuwa simu. Mama Asali hakuwa na simu, alisema simu ni mdudu anayelia bila kuumwa, hivyo mzee akaandikisha namba yake mwenyewe. Kisha akatengeneza fremu ya mbao ya mninga, akaweka cheti cha TIN, yaani cha namba hiyo, mbele na leseni ya biashara nyuma yake, ili kioo kimoja kitoshe vyote viwili, akaitundika juu ya kaunta. Kila mwaka akiweka leseni mpya, aliikunja ile ya zamani, akaiwashia jiko. Hakupenda makaratasi yaliyostaafu.

Sasa niseme habari ya mtani, maana bila yeye haya mengine hayaeleweki.

Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu enzi za misafara, wazee wa huku walipokuwa wakibeba mizigo kwa miguu mpaka pwani na kufikia kwa wenyeji wa kule wakiwa hoi. Mama Asali na mumewe walikuwa na mtani wao hasa, Mzaramo mmoja mstaafu wa reli, aliyeletwa bara na kazi, akaoa Urambo na kukataa kurudi kwao. Mzee alikuwa akienda kwake kila msimu kununua asali ya huko, na Mama Asali alifuatana naye. Mtani naye akija Tabora, Ng'ambo yote ilisogeza viti.

"Hodi kwa wapagazi!" aliita tangu barabarani. "Mzigo wangu mmeusahau wapi?"

"Uliangukia Ugogo," Mama Asali alijibu bila kuinua kichwa. "Tulidhani ni nazi, kumbe ni kichwa chako."

"Babu yenu alifika pwani na meno ya tembo mabegani, akarudi na shanga mbili. Biashara hiyo!"

"Na babu yako tulimkuta amelala chini ya mnazi anasubiri chakula kidondoke. Tukamwamsha, mpaka leo hajatusamehe."

Ilikuwa hivyo mpaka chai inapoa. Mume alikaa kati yao, akikohoa na kutabasamu, na sijawahi kumwona mtu mwenye raha kuliko yeye siku hizo.

Mzee alipofariki, mtani alifika kabla ya ndugu wengi, akafanya kazi ya utani kama inavyotakiwa. Alivaa kofia na koti la marehemu. Alitembea kwa mwendo wake, akakohoa kikohozi chake, hata watu waliokuwa wanalia wakacheka huku machozi yakiendelea kutoka. Jeneza lilipotaka kutoka, akajilaza mlangoni. "Haondoki mtu! Huyu mpagazi ana mzigo wangu hajaufikisha!" Ikabidi shemeji za marehemu wamtoe kwa soda na maneno matamu.

Mama Asali hakucheka. Hakulia pia. Alikaa mkekani anatazama ukuta, na tangu asubuhi hakuwa amesema neno wala kutia kitu mdomoni. Mtani alimtazama kwa muda. Halafu aliinuka, akaenda dukani, akarudi ameshika ile fremu ya mninga, ameifunga ndani ya koti la marehemu.

"Nachukua hiki," alitangaza. "Anayekitaka aje mwenyewe kukikomboa kwangu Urambo. Kwa jogoo mweupe. Mweupe, narudia, sitaki rangi nyingine."

Watu wakapiga makofi. Mtani msibani ana haki ya kuchukua kitu, na mfiwa ana wajibu wa kukikomboa. Hiyo ni kawaida. Kawaida pia ni kuchukua kiatu, au sufuria. Sisi tulimtazama Mama Asali.

"Peleka," alisema. Lilikuwa neno lake la kwanza siku hiyo. "Kafunikie mtungi."

Tulifurahi kwa sababu amesema. Hakuna aliyefikiria kwamba katika fremu ile imekwenda namba ya mlipakodi pamoja na leseni yake, vyote viwili, na kwamba mtu pekee aliyeijua namba hiyo tumetoka kumzika.

Miezi iliyofuata ilikuwa mibaya kwangu, sijui nieleze vipi. Nilifika asubuhi, nikafungua kibanda, nikasubiri kelele, nazo hazikuja. Alifungua kufuli lake kimya kimya. Kuku walipita. Aliacha kwaya. Akatoka nyumbani, akaja dukani, akarudi nyumbani, na ukimwambia kuna harusi Mtendeni au kuna ndugu yake mgonjwa Nzega, jibu lilikuwa moja tu: "Sina safari." Wateja waliwasha njiti zao mbele yake na kuondoka na viberiti mfukoni. Nilimuonea huruma, na nilijionea huruma mwenyewe, maana ukimya ule ulipita ukuta kuliko kelele zilivyopita.

Ndipo afisa biashara wa manispaa alipopita akikagua leseni. Aliukuta msumari mtupu ukutani. Alikuwa mtu muungwana. Alimwambia Mama leseni inakaribia kwisha, mpya inaombwa mtandaoni kwa namba ya TIN, na siku ikifika bila leseni duka litafungwa. Mama Asali akanijia.

"Mwanangu wa mashine, nitafutie hiyo namba."

Niliona ni kazi ndogo. Mfumo una mahali pa waliosahau namba zao: unaingiza kitambulisho cha taifa, unatumiwa tarakimu za siri kwenye simu uliyoandikisha, mambo yamekwisha. Nikaingiza. Mfumo ukasema tarakimu zimetumwa. Zimetumwa kwa simu ya marehemu.

Laini ile ilikuwa imeshazimwa na kampuni na kupewa mtu mwingine. Nilipiga. Mwanaume akapokea, nyuma yake ng'ombe wanalia.

"Samahani, kaka, kuna meseji yenye namba imeingia kwako sasa hivi. Naomba unisomee."

"Nyie ndiyo wale wa 'tuma kwa namba hii'?" akasema. "Mmenikosa! Mimi ni mfugaji wa Igunga, siibiwi kirahisi!"

Mama Asali alininyang'anya simu. Nilijua atamtukana, nikajiandaa kufurahi.

"Mwangaluka, baba," akamwamkia taratibu kwa salamu ya kwao. "Huko mvua zimenyesha?"

Yule mtu akatulia. Akasema zimenyesha kiasi, malisho yapo. Mama akauliza ng'ombe wanaendeleaje, watoto wanaendeleaje. Akamshukuru, akaniachia simu mkononi bila kuomba tarakimu yoyote.

"Mwache," akaniambia. "Ni mtu mzuri. Lakini si mzee wangu."

Nilifunga kompyuta kabla ya wakati siku ile.

Kesho yake nilimpeleka ofisi ya kodi. Binti wa dirishani alikuwa na subira ambayo mimi sina. Alimtafuta kwenye mfumo, akamwona, akasema namba ipo hai, ila ili kubadilisha simu na kuchapisha upya, kwanza aone cheti halisi, au ripoti ya polisi kwamba kimepotea.

"Cheti kiko wapi, mama?"

"Kiko Urambo."

"Basi kilete."

"Hakijakombolewa."

Binti alinitazama mimi. Nikatazama feni.

Nje nilimwambia kwamba njia ni rahisi: twende polisi, aseme kimepotea, tuandikiwe ripoti, mchana huo huo tuwe na namba. Tukaenda. Askari wa mapokezi alikuwa mtu mzima mwenye tumbo la heshima na kalamu nyuma ya sikio.

"Mama, kimepotea wapi?"

"Hakijapotea," akasema Mama Asali. Nilimkanyaga mguu. Akanikanyaga wangu, na mkanyago wake ulikuwa mzito. "Najua kilipo."

"Kumbe kimeibwa."

"Mtani haibi."

Askari akaishusha kalamu. "Mtani? Alikichukua lini?"

"Msibani."

"Mtani gani?"

"Mzaramo."

Askari akalifunika daftari lake kwa viganja viwili, akaanza kutetemeka mabega. "Mama, mimi ni Mgogo. Babu yangu aliuza maji kwa wapagazi wenu, na hadi leo hamjarudisha vibuyu. Hapa siandiki chochote. Chakula cha msiba mmekula, kazi mmefanyiwa, halafu mje kumshtaki mtani polisi? Nenda kakomboe! Na ukipita Dodoma, vibuyu!"

Kituo kizima kilicheka. Mimi sikucheka, nilikuwa naona duka linafungwa. Njiani nilimgombeza, mara ya kwanza na ya mwisho maishani mwangu. Nilimwambia neno moja tu, kimepotea, lingemuumiza nani?

"Asali yangu haina sukari," alisema. "Nikianza na neno moja kwa askari, mwezi ujao nitaanza na kijiko kimoja kwenye ndoo."

"Basi twende Urambo!"

"Sina safari."

Siku ilifika. Afisa biashara alikuja mwenyewe, akaomba radhi, akafunga duka kwa kufuli la manispaa. Mama Asali alichukua kigoda, akakaa nje ya mlango wake. Wateja walikuja. Hakuwa na cha kuwauzia. Muuza miwa alimletea kipande cha muwa, akakaa naye bila haraka. Mtu mmoja alipita akikohoa, kikohozi kirefu cha vumbi, na nilimwona Mama akiinuka na kuugeukia mlango, mkono umeshanyooka kutafuta kijiko. Mkono ukakuta kufuli. Alisimama hapo, kufuli mkononi, mpaka yule mtu akatokomea kwenye kona ya msikiti.

Halafu, kwa mara ya kwanza tangu msiba, nikamsikia.

"Kufuli gani hili? Halina hata aibu! Jipya, linang'aa, limekuja kukaa kwa watu bila hodi!" Akaligeuza, akalipiga kofi. "Wewe, mwanangu wa mashine! Funga kibanda. Kesho tunakwenda Urambo."

Kesho yake alikuja stendi na jogoo ndani ya kikapu, kichwa tu kiko nje, mwili umefunikwa kwa kitambaa. Kichwa kilikuwa cheupe. Nilimwuliza amempata wapi jogoo mweupe kwa haraka hivyo. Akaniambia nitazame njia.

Mtani alikuwa amekaa nje ya nyumba yake, nyuma ya mabanda ya tumbaku, amevaa kofia ya marehemu. Alipotuona hakuinuka. Alisubiri mpaka tukasimama mbele yake.

"Wapagazi," akasema. "Mmetembea kwa miguu? Maana mmechelewa karibu mwaka."

"Nipe cheti changu, mchuuza nazi."

"Jogoo?"

Mama Asali akafunua kitambaa. Jogoo alikuwa mweupe pee, mweupe wa kutia shaka. Mtani alimchukua, akamwinua juani. Jogoo naye, aliyekuwa amechoka na safari, akajikung'uta. Wingu la unga wa muhogo likatupanda wote usoni, na chini yake akatokea jogoo wa madoadoa, mwekundu na mweusi, ana hasira.

Naapa sikuwahi kucheka hivyo. Mke wa mtani alitoka jikoni na mwiko, akauliza nani amemwaga unga, akamwona jogoo, akakaa chini. Huyu ndiye mwanamke aliyekataa kumdanganya askari kwa neno moja! Nilimkumbusha hapo hapo.

"Askari ni serikali," akasema huku akijipangusa nyusi. "Huyu ni mtani. Kumdanganya mtani si dhambi, ni chakula chake."

Mtani alituingiza ndani. Fremu ya mninga ilikuwa ukutani sebuleni, kioo kimepanguswa vizuri, na pembeni yake picha ya mume wa Mama Asali siku moja ya msimu, amekaa juu ya ndoo ya asali kati ya hao wawili, anakohoa au anacheka, haikujulikana. Mama Asali aliitazama. Kicheko kilimtoka usoni polepole.

"Kwa nini hiki?" akauliza. "Vitu vyote vile. Kwa nini ukachukua hiki?"

Mtani alivua kofia, akaishika magotini. Nilikuwa sijawahi kumsikia akisema bila kupaza sauti.

"Nilikutazama siku ile ukiukodolea ukuta. Nikasema, huyu akiachwa atakaa kwenye kigoda chake mpaka nta imwote. Nikikuita hutakuja. Ndugu wakikuita hutakwenda, mchungaji akikuita hutakwenda. Nikajiuliza, ni nani ambaye Mnyamwezi huyu hataweza kumwambia hana safari? Nikaona ni serikali peke yake. Basi nikatafuta kitu ambacho serikali itakulazimisha ukifuate."

Jogoo aliwika uani.

Mama Asali alilia hapo, kilio chote alichokiweka tangu mkekani, na mke wa mtani akamshika. Mimi nilitoka nje, maana nami nilikuwa naelekea huko huko. Niliporudi alikuwa ameshaanza. Alikuwa anamgombeza mtani kwa kuitundika fremu mahali panapopigwa jua, kwa kuivaa kofia ya watu mpaka imepoteza umbo, kwa chai isiyo na tangawizi, kwa paa, kwa mlango. Alipofika kwenye kuku wa nyumba ile nilijua amerudi. Nilifurahi mpaka nikaomba kikombe cha pili cha chai ile mbaya.

Cheti alipewa kwa masharti. "Jogoo huyu ni wa uongo," mtani alisema wakati wa kuagana. "Kwa hiyo hujakomboa, umeazima. Siku yoyote nitakuja kukichukua."

"Njoo," Mama Asali akasema. "Utakuta nimekifungia mbwa."

Dirishani, binti wa kodi alikitazama cheti, akatazama unga wa mikono yetu uliobaki kwenye pembe za fremu, hakuuliza. Mama alikuwa amenunua simu, ndogo ya vibonye, akaandikishwa namba yake mwenyewe kwa mara ya kwanza. Karatasi mpya ikatoka kwenye mashine. "Tayari, mama. Hata ukikipoteza tena, namba utaipata." Leseni ikafuata, kufuli la manispaa likaondoka na matusi yake ya kuagwa.

Namba yenyewe hakutaka tena imtegemee mtu wala ukuta. Aliitia kwenye wimbo. Tangu ofisi ya kodi mpaka Ng'ambo aliimba tarakimu zile kwa sauti ya pili, akazirudia asubuhi akifungua, na Jumapili akarudi kwaya. Baada ya wiki chache niliwasikia watoto wa mtaa wakiruka kamba nje ya kibanda changu. Walikuwa wanaruka kwa namba ya mlipakodi ya Mama Asali, bila kukosea hata tarakimu moja. Nilimwambia kwamba mambo hayo ni ya siri. Akasema watu wangapi wana mtaa mzima unaowakumbukia namba?

Mimi nilihamia Mwanza baadaye, kwa ajili ya mke na kazi. Mwaka jana nilipita Tabora, nikaenda Ng'ambo moja kwa moja. Amezeeka, kaunta imekuwa ndefu kwake. Lakini nilimsikia tangu kona ya msikiti, anagombeza kufuli lile lile la zamani.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Saa hizi ndiyo watu wanarudi?"

Juu ya kaunta kulikuwa na nakala ya cheti, imebandikwa kwa gundi. Karibu yake, chini kiasi cha kufikiwa na mzee aliyeinama mgongo, kulikuwa na msumari mtupu.

"Fremu iko wapi?"

"Mtani alikuja Pasaka, akaibeba. Nilikuwa nimegeuka kidogo." Alisema hivyo akitazama pembeni. "Sasa inabidi nikakomboe. Safari hizi zitaniua."

Akanipeleka uani. Kulikuwa na jogoo mweupe, mkubwa, mnene, mweupe kuanzia shingo mpaka mkia, anatembea kama mwenye nyumba. Ilionekana amekaa pale kwa miaka.

"Sasa Mama, si umpeleke huyu, deni liishe?"

Alinitazama kwa ile sura aliyowatazama wenye viberiti.

"Huyu? Nikimpeleka huyu, nitakuwa nimekomboa." Akainama nyuma ya pipa, akatoa jogoo mwingine, mwekundu, na bakuli la unga wa muhogo. "Shika miguu, mwanangu wa mashine. Basi linaondoka saa nne."

Nikashika miguu.